Nani Anayekula Kipindi cha Michezo?

Ratiba za shule zetu za Mombasa zinasema uongo. Ingia ofisi ya mwalimu mkuu, kuanzia Shika Adabu hadi Mwakirunge, kuanzia Chaani hadi Shanzu, utaiona imebandikwa ukutani, imepigwa mistari kwa rula, na ndani yake mna vipindi vya mazoezi ya viungo, ambavyo watoto wetu huviita PE. Sasa toka nje saa hiyo hiyo uangalie uwanjani. Mara nyingi hutamkuta mtu. Watoto wako darasani chini ya mabati, jasho linawatiririka, na mwalimu wa hisabati anamalizia silabasi. Mtihani ukikaribia, hata huo uongo wa ukutani huondolewa, kipindi kikafutwa waziwazi, nasi wazazi tukafurahi kwamba shule imekaza kamba.

Huu ni wizi, na anayeibiwa ni mtoto wa miaka 14 asiye na pa kushtaki.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 hazina utata. Kwa shule ya kutwa, masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Hii si ahadi iliyotolewa na mwanasiasa juu ya jukwaa pale uwanja wa Caltex, Likoni. Ni sheria. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza tuisheni ya likizo. Basi tuambizane ukweli: ni wangapi kati yetu tunaotoa pesa kwa mikono yetu wenyewe ili sheria hizi zivunjwe?

Tumtazame huyo mtoto anayeibiwa. Mwili unambadilika bila kumtaka idhini. Sauti inamkatika, chunusi zinamjaa usoni, matiti yanamea, hedhi inaanza. Usingizi unamkimbia usiku, kisha unamvamia alfajiri wakati matatu inapiga honi stejini. Nyumbani Chaani au Mtopanga wamepanga chumba kimoja, baba, mama na ndugu, na hata pa kulia peke yake hana. Barabarani kuna bodaboda na malori ya bandari. Maskani kuna wakubwa wenye muguka, yale majani ya kulevya, mdomoni. Ndani ya simu, siku akiipata, kuna nyuso laini na miili isiyo na dosari inayomwambia kuwa yeye ni mbaya. Shuleni ndiko kulikobaki mahali ambapo mtu mzima aliyesomea kazi hiyo angemtoa nje, amwambie kimbia, ruka, cheka, piga kelele. Pale pia tumemwambia akae chini anyamaze.

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa taifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wenye umri wa miaka 10 hadi 17, uliofanywa chini ya taasisi ya APHRC ya Nairobi. Takriban asilimia 44 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na kama asilimia 12 walifikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Chukua darasa moja la wanafunzi 50 pale Kisauni ulipigie hesabu hiyo: zaidi ya 20 wana jambo linalowasumbua rohoni, na sita ni wagonjwa hasa, wameketi mbele ya mwalimu wakinakili.

Lakini sisi ugonjwa hatuuoni. Tunaona kiburi. Mtoto akinyamaza juma zima, tunasema ana maringo. Akifoka, hana adabu. Asipolala, ni simu. Akilia bila sababu tunayoijua, tunampeleka kwa ustadhi asomewe au kwa mchungaji aombewe. Sina ugomvi na kisomo wala maombi, kwa maana moyo unavihitaji. Ugomvi wangu ni kwamba tunamaliza milango yote ya nje kabla ya kuuliza huyu mtoto anashindaje kutwa. Anashinda amekaa. Asubuhi amekaa, mchana amekaa, jioni tuisheni amekaa, usiku amejikunja kitandani na kazi ya nyumbani. Hospitali ya Port Reitz, hapa hapa Changamwe, ina wodi ya wagonjwa wa akili, na familia nyingi huifikia wakati mambo yameshaharibika, ilhali dalili zilikuwa mezani kwa miaka.

Kukaa huko kuna bei, na bei yake imepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa University College London walichapisha matokeo ya vijana 4,257 wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Walivalishwa vifaa vya kupimia mwendo wakiwa na miaka 12, 14 na 16, na walipofika 18 wakapimwa dalili za sonona. Kila saa moja ya ziada ya mwendo mwepesi kwa siku, kutembea tu na kujishughulisha, ilikwenda sambamba na kupungua kwa alama za sonona kwa kiasi cha asilimia 8 hadi 11. Na kila saa ya ziada ya kukaa ilikwenda sambamba na kuongezeka kwake kwa kiasi kama hicho. Mwaka 2023 jarida la JAMA Pediatrics la Marekani likatoa uchambuzi uliokusanya tafiti 21 zenye watoto na vijana 2,441: programu za mazoezi zilipunguza dalili za sonona, na nafuu ilionekana zaidi kwa wale wa miaka 13 kwenda juu. Yaani umri ule ule ambao sisi huuchagua kuwafungia ndani.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hadi moyo uende mbio. Mwaka 2019 watafiti wake walitangaza kwamba asilimia 81 ya vijana wa shule duniani, wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango hicho. Kwa wasichana ni asilimia 85. Basi tatizo si letu peke yetu. Lakini mwenzio kuugua hakukuponyi wewe.

Sisemi mpira ni dawa ya kila kitu. Mtoto anayezungumzia kufa anahitaji daktari na mshauri leo, si kesho, na nashukuru kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume cha Katiba. Ninachosema ni kwamba kuna kinga ya bei rahisi ambayo serikali imeshaiweka katika mtaala, imeshaitengea saa, imeshaikabidhi kwa mwalimu, na bado watu wazima wenye akili timamu wanaichukua na kuifanya muda wa marudio.

Na hapa nawageukia walimu, tena kwa heshima, maana najua mnavyobanwa. Kumtoa mtoto nje peke yake hakutoshi. PE ikifundishwa vibaya inaweza kumuumiza kuliko kumwacha darasani. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wamefundisha tangu miaka ya 1980 kwamba binadamu hustawi akipata mambo matatu: awe na kauli katika analofanya, ajione anaweza, na awe na watu anaojua wanamjali. Kipindi cha michezo kinaweza kumpa mtoto yote matatu kwa dakika 40. Kinaweza pia kumpokonya yote matatu kwa dakika tano.

Hebu tazama tunavyofanya. Mtoto amechelewa, anazungushwa uwanja juani. Amepiga kelele, anaruka kichurachura mpaka magoti yatetemeke. Amesahau daftari, anapiga push-up vumbini huku wenzake wakihesabu kwa kicheko. Kesho yake mtoto huyo huyo anaambiwa mazoezi yana faida. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, nasi tukaihamishia adhabu miguuni. Mwili wake ameshaufahamu kuwa ni mahali pa kuaibishwa, na atauchukia uwanja hadi uzeeni.

Tazama tena timu zinavyogawanywa. Wanasimamishwa wawili wenye nguvu, wanachagua mmoja mmoja mbele ya darasa zima, na yule mnene, au yule mwenye pumu, au yule aliyehamia juzi kutoka Taita, anabaki wa mwisho, hakuna anayemtaka. Mwalimu yupo pale na filimbi yake. Kitendo hicho huchukua dakika mbili, na mtoto hukibeba miaka. Kisha kuna ule uongo mwingine, wa kwamba shule ina michezo kwa sababu ina timu. Kumi na mmoja na wa akiba wanapelekwa mashindano ya kaunti, kombe linawekwa kabatini ofisini, na mamia waliobaki hawajagusa mpira tangu muhula uanze. Timu ya shule ni jambo jema, nami hushangilia. Lakini timu huwahudumia wale ambao tayari wanaweza, na PE iliwekwa kwa ajili ya wote, hasa wale wasioweza.

Mwalimu anayejua kazi yake hahitaji mamilioni. Anagawanya darasa katika makundi madogo, na kila kundi linapata mpira wake, hata kama ni wa matambara, ili pasiwe na watoto 40 wanaomtazama mmoja akicheza. Anawaachia wachague: hawa kamba, hawa mchezo wa kati, hawa mbio za vijiti. Anampima mtoto kwa alivyokuwa mwezi uliopita, si kwa mwenzake. Anamjua kwa jina. Anamwona yule aliyejitenga chini ya mwarobaini akamwendea, akampa kazi ya kuhesabu magoli, na juma lijalo akamwingiza mchezoni. Walimu wa namna hii wapo Mombasa bara, wengine wakiwa watu wa miaka mingi kazini, na hakuna mtihani unaopima walichokiokoa.

Sasa mtoto wa kike. Tunamwambia afanye mazoezi katika uwanja ulio kando ya barabara, usio na ukuta, akiwa na sketi ya sare, bila chumba cha kubadilishia nguo, bila maji, choo hakina mlango, na vijana wa boda wamesimama wanaangalia. Akikataa, tunaandika kuwa ni mvivu. Sheria ya Elimu ya Msingi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka serikali impe taulo za hedhi bure shuleni. Zisipofika, juma hilo hata kusimama kujibu swali anaogopa. Asilimia 85 ile haikutokana na uvivu wa wasichana. Tumeijenga sisi.

Na kwa wale wazee wetu wanaosema michezo na heshima haviendi pamoja, nasema hivi, kwa adabu zote: hijabu haijawahi kumzuia mtu kukimbia. FIFA iliiruhusu rasmi viwanjani mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa vikapu duniani likafuata mwaka 2017. Kwa jirani zetu Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limewachezesha wasichana kandanda tangu mwaka 2001, na Kilifi si Ulaya. Ni Pwani hii hii, mila hizi hizi. Mzazi anayetaka stara ana haki yake. Basi adai ukuta, adai mwalimu wa kike, adai nguo ndefu za michezo. Asimnyime binti yake pumzi kisha akaliita hilo malezi.

Tena tuna bahari. Jambo hili hunichoma kuliko mengi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hapa Likoni ikaua watu 272. Zaidi ya miaka 30 imepita, na watoto wa Mtongwe na Shelly Beach wanaohitimu bila mwalimu hata mmoja kuwafundisha kuogelea ni wengi kupindukia, ilhali mtaala wa sasa unakutambua kuogelea kuwa sehemu ya somo la michezo pale maji yanapopatikana. Maji yanapopatikana! Sisi yametuzunguka. Anayejua kuogelea alijifunza kwa kutoroka, akachapwa aliporudi na chumvi mwilini. Mtoto anayeelea kwa mara ya kwanza, akagundua maji yanambeba, hupata ujasiri ambao hakuna hotuba ya nidhamu itakayompa. Kinachohitajika ni maji kupwa vizuri, walimu waliofunzwa, waokoaji, na kibali cha mzazi. Badala yake tumeifanya bahari kuwa kitu cha kumtishia mtoto.

Mtaniuliza uwanja wenyewe uko wapi. Swali ni la haki. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, watoto walifurika, na madarasa mapya yakajengwa mahali palipokuwa wazi. Mwaka 2023 shule ya sekondari ya msingi ikawekwa ndani ya shule za msingi, nayo ikahitaji vyumba, na vyumba mara nyingi vikaota tena juu ya goli. Pembeni kuna kipande kilichozungushiwa mabati na mtu ambaye hakuna anayethubutu kumtaja. Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi kwa kuutetea uwanja wao ulionyakuliwa, na picha zile zikaitikisa nchi hadi serikali ikaagiza shule za umma zipewe hatimiliki. Je, shule ya mtoto wako inayo? Sisi wa Mombasa tumelalama kwa miaka juu ya uwanja mkubwa wa kaunti pale kisiwani, ambao Gavana Hassan Joho aliondoka mwaka 2022 haujakamilika. Tulalame, ni haki yetu. Lakini uwanja ule ni wa mechi za jioni ya Jumapili. Goli mbili za mbao katika shule ya Mjambere au Bofu zingewafaa watoto wengi zaidi, kila siku.

Mtaala mpya ulileta matumaini, nami sitaki kuyazima. Katika sekondari ya msingi, masomo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9, michezo iliunganishwa na sanaa kuwa somo moja lenye vipindi vitano kwa juma, na mwaka 2025 gredi ya 9 wakalifanyia mtihani wa taifa kwa mara ya kwanza. Wengi tulishangilia, tukidhani somo likitahiniwa litaheshimiwa. Kilichofuata katika shule nyingi ni kwamba limeheshimiwa darasani. Watoto wananakili hatua za kupokea mpira wa voliboli. Wanachora uwanja wa netiboli kwa penseli na kuandika vipimo vyake. Mtoto anaweza kukuandikia namna ya kurusha mkuki ilhali mkononi hajawahi kushika hata ufito. Kipindi ambacho zamani kiliibwa na hisabati, sasa kimeibwa na daftari lake chenyewe. Na simlaumu mwalimu aliyeajiriwa kufundisha kemia, kisha akakabidhiwa na michezo, na sarakasi, na muziki. Wengi wa walimu hao walikuwa miongoni mwa wale 46,000 wa mkataba waliogoma mwaka 2024 kudai ajira ya kudumu. Lawama ni ya wale waliogawanya kazi bila kugawanya mafunzo.

Nimeshamsikia mzazi akisema: mimi ni kibarua wa bandarini, sina uwezo wa kumsomesha mtoto mara mbili, nataka alama. Namwelewa mzazi huyo. Ila alama hazikai katika kichwa kilichochoka. Mtoto aliyekaa tangu saa moja asubuhi chini ya bati la Changamwe hasikii kitu saa tisa, hata kiti kingekuwa na misumari. Ile saa unayodhani umeiongeza ya hisabati imekwenda bure, na ya michezo imekwenda nayo. Kisha huyo kijana asiyepewa mahali halali pa kutoa nguvu zake, pa kushinda, pa kushindwa bila kudhalilika, pa kuitwa mwenzetu, atapatafuta penginepo. Makundi ya mapanga yaliyotutia hofu Kisauni na Likoni yalikuwa na watoto wa umri wa shule ndani yake. Sidai kwamba mpira ungewazuia wote. Nasema yale makundi yaliwapa kikosi, jina, na watu wa kuwajali kwa namna yao, na sisi tuliokuwa na filimbi, uwanja na saa ya serikali, hatukuwapa.

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti hii, mahakama ikasimamisha amri yake, na mjadala ukawaka nchi nzima. Tuliandamana, tulipaza sauti. Nataka kelele hiyo hiyo kwa jambo hili, kwa kuwa kumwambia kijana asitafune bila kumwonyesha la kufanya saa kumi ya jioni ni kumwacha njiani.

Wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, katika mkutano ujao wa shule, kabla hamjafika kwenye pesa za chakula, simameni mkaulize. Darasa la mwanangu lina PE siku gani na saa ngapi, na nani anaifundisha? Jumanne iliyopita walifanya nini? Binti yangu anabadilishia nguo wapi? Hatimiliki ya uwanja iko wapi, na jina gani limeandikwa juu yake? Kwa nini mtoto anakimbizwa kama adhabu? Majibu yasipopatikana, andikeni barua kwa bodi ya shule, na nakala ifike kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, mkinukuu Kanuni za mwaka 2015. Na wewe unayemlipa mwalimu tuisheni ya saa kumi jioni, acha kulipa kuanzia muhula huu.